Siku Niliyotolewa Nje ya Darasa la Tano

Hivi jamani, kuna yeyote kati yenu aliyewahi kufukuzwa darasani akiwa na wajukuu kumi na mmoja, meno yamebaki ya kuhesabu, na kitenge kipya kiunoni? Hakuna, eeh? Basi mtazameni vizuri aliyefukuzwa, ndiye mimi, mimi huyu Minza niliyekaa hapa nachambua pamba na nyie, na msianze kucheka sasa hivi, wekeni akiba, mbele kuna pa kuchekea zaidi. Aibu yenyewe niliificha wiki tatu nzima, nikasema haitoki ndani ya hii nyumba, lakini siku ya mnada wa Dutwa nikapita pale wanapoegesha bodaboda, kijana mmoja ambaye hata kwao sikujui akapaza sauti, "Bibi Halafu! Panda nikupeleke!" na wenzake wakaangua kicheko, nikajua basi, imeshafika mjini, bora niisimulie mwenyewe kabla hawajaitia chumvi zaidi.

Mjukuu wangu Milembe mnamjua, mtoto wa mwanangu wa pili, yule mwenye mwanya, yuko darasa la tano. Milembe kwa Kisukuma ni amani, utulivu, na jina nilimpa mimi mwenyewe siku aliyozaliwa maana alitoka hajalia (kumbe alikuwa anavuta pumzi tu, alipoanza hajanyamaza mpaka leo). Sasa siku hiyo akarudi shule mapema, akakaa pale kwenye kigogo, kimya. Milembe kimya! Nikajua hapa kuna ugonjwa au kuna barua. Ikawa barua.

Mama yake alikuwa ameenda Nassa kufuata dagaa, baba yake yuko na ng'ombe huko Meatu anatafuta majani, kwa hiyo mzazi ni mimi. Nikaipokea ile barua, nikaiweka mbali na macho, nikaiweka karibu na macho, nikairudisha. Mimi kusoma najua mpaka ma me mi mo mu. Cheka, cheka tu mama Kulwa! Ba be bi bo bu najua, da de di do du najua, naenda nayo vizuri kabisa mpaka ma me mi mo mu, ikifika na ne ni no nu ni giza totoro. Hata jina langu nasoma nusu, hiyo Mi naiona naijua kama mwanangu, nza mpaka anisomee mtu. Sababu yake nitawaambia, imo humu humu.

Basi nikampa barua mshitakiwa mwenyewe anisomee mashitaka yake. Akasoma kama mtangazaji wa redio. Mwanafunzi Milembe anasumbua darasani, anamwitikia mwalimu ovyo, anachekesha wenzake, ametolewa nje mara nyingi, na siku hizi akitolewa nje haonekani. Mzazi afike shuleni kesho saa mbili. Asipofika, mwanafunzi atasimamishwa masomo.

Nikamwambia rudia hapo kwenye haonekani.

Akarudia, sasa kwa sauti ndogo.

"Ukitolewa nje unakwenda wapi, Milembe?"

"Lamboni, bibi. Naangalia bata maji."

"Halafu?"

"Halafu kengele ikilia narudi kuchukua daftari, nakuja nyumbani."

Jamani, mimi habari ya kusumbua haikunishtua, mtoto asiyesumbua namwogopa. Kilichonichoma ni hilo lambo. Nikaacha na pamba yenyewe, mikono ikabaki hewani, maana hiyo njia ya kutoka darasani kwenda kuangalia bata naijua, mimi ndiye niliyeifyeka.

Sisi shule yetu ya wakati ule, mnaokumbuka mnakumbuka, kuta za udongo, paa la nyasi, mvua ikinyesha tunahamia kona moja wote kama vifaranga. Tunakaa chini, tunaandika mchangani kwa kidole, ukikosea unafuta kwa kiganja, yaani kosa halikai, upepo unalichukua. Nilikuwa napenda ile shule, sijawahi kumwambia mtu. Napenda harufu ya ule mchanga ukimwagiwa maji asubuhi. Mwalimu wetu alikuwa mrefu, ana baiskeli yenye dinamo, ikipita usiku watu wanatoka nje kuangalia taa. Nilikuwa nakaa mbele kabisa, karibu na miguu yake.

Sasa nyumbani baba yangu alikuwa msimuliaji, na kwa baba yangu ukikaa kumsikiliza lazima uitikie. Akisema, "Palikuwa na fisi," wewe unasema, "Eee!" Akisema, "Fisi akaoa," unasema, "Akaoa! Halafu?" Ukikaa kimya anaacha kusimulia, anauliza, "Mmekufa?" Huku kwetu mtu anayekusikiliza kimya ujue amelala au amekununia. Kuitikia ndiyo adabu. Kwa hiyo mwalimu wangu alipokuwa anatufundisha ma me mi mo mu, akavuta pumzi, mimi Minza mtoto wa adabu nikasema kwa nguvu zote, "Eee! Halafu?"

Darasa likacheka. Mwalimu akaniambia, "Minza, toka nje mpaka nikuite."

Nikatoka. Nikasimama pale uani, jua hili hapa kichwani, nasubiri kuitwa. Nikasubiri. Kivuli changu kikaingia chini ya miguu. Labda alisahau, sijui, alikuwa na watoto wengi na hakuwa mtu mbaya. Kengele ya shule haikulia, ikalia ya ng'ombe. Ng'ombe wa baba walikuwa wanapita kwenda kunywa maji, mbele yule jike mzee mwenye kengele shingoni, ng'ang'ali, ng'ang'ali, ng'ang'ali, nikawafuata. Nyumbani baba akaniuliza, "Mwalimu amekuruhusu?" Nikasema amenitoa. Akasema, "Basi kesho utakwenda na ndama." Kesho nikaenda na ndama, keshokutwa nikaenda na ndama, nikaolewa.

Ndiyo maana naishia ma me mi mo mu. Na ne ni no nu ilisomwa mimi niko nje.

Haya, turudi kwenye barua. Shemeji yangu Doto aliposikia akasema, "Mtume mjomba wake aende na fimbo, amchape mbele ya mwalimu, yataisha leo leo." Nikamwambia Doto, wewe ulichapwa shule nzima, na kelele uliacha lini? Akanyamaza (hamjawahi kumwona Doto amenyamaza, basi siku hiyo alinyamaza). Nikasema nakwenda mwenyewe.

Asubuhi nikaoga, nikafunga kile kitenge cha ndege wa kijani alichoniletea mwanangu, nikajipaka mafuta mpaka kwenye visigino, nikavaa viatu vya plastiki, tukashika njia mimi na Milembe, yeye mbele anaburuza miguu, mimi nyuma nazungumza peke yangu naipanga hotuba.

Mwalimu wake anaitwa Rehema. Binti mdogo, mwembamba, katoka Tanga huko, Kiswahili chake kinateleza kama mlenda. Nilitegemea nikute simba. Akaniona kwa mbali akaja, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu!" akajibu, na ile duhu yake ya Kitanga ikaninyang'anya hotuba yote kichwani. Mtu amekuja mbali hivyo akajifunza kujibu salamu yetu, utamfokea vipi?

Akanikalisha kwenye benchi, akaniambia taratibu, macho yamechoka. "Bibi, Milembe si mjinga. Sina ugomvi na akili yake. Ila ananimaliza. Wako themanini na kitu, mimi mmoja. Nikisema sentensi, yeye, 'Eee!' Nikisema nyingine, 'Mmh, halafu?' Darasa zima linacheka, kipindi kinaisha sijafika popote. Wenzangu ofisini wanasema nimchape. Mimi kuchapa sitaki, nilichapwa sana, naujua mwisho wake. Ndiyo maana namtoa nje. Huko nilikokulia, mkubwa akizungumza mtoto ananyamaza. Mimi naona ananikejeli, bibi. Nimemkosea nini?"

Sasa sikilizeni. Hapo ndipo ilipotakiwa niseme. Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu, "eee" ile nilimfundisha mimi, kwenye pamba hii hii, nikisimulia yeye akinyamaza namuuliza, "Umekufa?" kama alivyokuwa ananiuliza baba. Kulikuwa na maneno matano tu ya kusema: mwanangu, kosa ni la kwangu. Nikaona aibu. Mzee mzima, kitenge kipya, nimekuja kama mzazi nigeuke mhalifu? Nikasema, "Mwalimu, hebu nikae nyuma ya darasa nione kwa macho yangu, halafu tutazungumza." Uamuzi mdogo tu huo, na mkia wake ndio huo nilioukuta Dutwa kwenye bodaboda.

Mwalimu akasita. "Sawa, bibi. Ila leo tunatarajia mgeni kutoka wilayani, anakuja kuangalia tunavyofundisha (alimtaja cheo chake, cheo kirefu, sikukishika). Naomba sana ukae kimya tu."

"Mimi?" nikasema. "Mwanangu, mimi sisemi neno."

Nikaingia. Watoto wakasimama wote, "Shikamoo, bibiii!" nikaitikia marahaba mpaka kifua kikapanuka. Madawati mazuri, sakafu ya saruji, ubao mweusi mkubwa kama mlango wa zizi. Nikaambiwa nikae dawati la mwisho karibu na mlango, pamoja na vibinti viwili. Sasa yale madawati, jamani, benchi na meza vimeungana, ni vya watoto. Nikaingiza mguu mmoja ukaingia, nikaingiza wa pili ukaingia kwa taabu, nikakaa, magoti yakagota chini ya meza, kitenge kikabana kwenye msumari. Nikasema moyoni kutoka tutajua wakati wa kutoka.

Milembe alikuwa mstari wa tatu. Akageuka akanitazama, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Alikuwa anajaribu, mnaelewa? Alikuwa anajitahidi asiniaibishe.

Mwalimu Rehema akaanza. Na mimi nilidhani nitasikia mahesabu, nisinzie kidogo. Kumbe siku hiyo somo ni mvua! Mvua, jamani! Mimi mkulima wa pamba ninayeangalia mawingu tangu sijaota meno! Akasema mvua inatoka wapi, na yule binti anajua kusimulia, alivyoshusha sauti, nikamkumbuka baba yangu kabisa.

Akasema, "Jua linapiga juu ya ziwa."

Nikasema kimoyomoyo, eee.

Akasema, "Maji yanapata joto, yanapanda juu, huyaoni kwa macho."

"Mmh," hiyo ikanitoka puani, kidogo tu. Vile vibinti viwili vikanitazama.

Mwalimu akageuka ubaoni, akatupa mgongo, akaanza kuchora ziwa na mishale inayopanda. Anachora huku anazungumza. "Yakifika juu yanakuta baridi."

"Baridi!" nikasema.

Walah, sikujua kama nimesema. Ilitoka kama chafya. Watoto wa nyuma wakaanza kucheka chinichini. Mwalimu akachora wingu moja, la pili, kubwa zuri limejaa. "Mawingu yanapoa," akasema, na akavuta pumzi. Jamani, alivuta pumzi! Msimuliaji akivuta pumzi pale palipokolea, mimi nifanye nini? Nikaegemea mbele na lile dawati, nikasema kwa sauti iliyokwenda mpaka ofisini:

"Eeeee! Halafu?"

Na Milembe, maskini, mikono iko mdomoni, aliposikia sauti ya bibi yake mikono ikafunguka yenyewe, "Halafu?" na darasa zima, themanini na kitu, wakadhani leo ndivyo inavyotakiwa, wakapokea kama kwaya ya Pasaka, "HALAFUUUU?"

Chaki ikakatika. Mwalimu hakugeuka. Mabega yalipanda, akasema akitazama ubao, kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho, "Aliyeanza, toka nje. Sasa hivi. Mpaka nikuite."

Nyie mngekaa. Mngesema, ah, mimi ni bibi, mimi ni mgeni, haniambii mimi. Mimi, maneno yale yaliponifikia, miguu ilishanyanyuka. Mwalimu akisema toka nje mpaka nikuite, miguu yangu inaijua njia toka zamani. Nikanyanyuka, na dawati likanyanyuka na mimi! Magoti yamekwama, kitenge kiko kwenye msumari, nikasogea hatua moja na dawati zima, vibinti viwili vinaning'inia, daftari zikamwagika, kitenge kikasema praaaa, nikachomoka. Darasa likalipuka. Huku Milembe naye amesimama anapiga kelele, "Ni mimi, mwalimu! Si bibi, ni mimi niliyeanza!" Mtoto ananibebea kosa! Akanikimbilia, akanishika mkono, tukatoka wote wawili.

Tukasimama nje chini ya dirisha. Mimi nimeshika kitenge nyuma kwa mkono mmoja (mlishaelewa kwa nini), jua lilelile la zamani kichwani. Ndani mwalimu anapiga meza, watoto hawanyamazi. Milembe akanivuta kidole.

"Bibi, twende lamboni?"

Na mniamini, nilitaka. Ng'ombe wa mtu walikuwa wanapita kule nyuma ya vyoo, na mmoja ana kengele, nikaisikia, ng'ang'ali, ng'ang'ali, na nyumbani ni karibu, na aibu ingebaki pale tusiikute tena. Mguu mmoja uligeuka kabisa. Nikauangalia ule mguu wangu kwenye kiatu cha plastiki, nikausema: wewe, mara hii hapana. Nikamwambia Milembe, "Hatuendi. Tumeambiwa mpaka tuitwe. Tunangoja."

"Na wasipotuita?"

Nikamshika mkono kwa nguvu. Na hapo ndipo pikipiki ikaingia uwanjani.

Mgeni wa wilayani. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, begi begani, na mwalimu mkuu anamkimbilia huku anafunga vifungo vya koti. Wakaja moja kwa moja kwetu maana darasa lenyewe ndilo hilo. Mgeni akasimama mbele yangu, akainama kwa heshima.

"Shikamoo, bibi. Mbona umesimama juani? Unamsubiri mtu?"

Ningeweza kusema uongo. Ningesema nimeleta uji. Mdomo wangu huu ukasema, "Marahaba, baba. Nimetolewa nje ya darasa."

Akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama mbingu.

"Umetolewa kwa kosa gani, bibi?"

"Kelele."

Mwalimu Rehema alikuwa ameshatokea mlangoni, aliponiona kwanza hakuelewa, halafu akaelewa. Akashika kizingiti. "Mungu wangu. Bibi, ni wewe? Mimi sikugeuka, nilijua ni Milembe." Machozi yakamlengalenga, binti wa watu, anaona kazi yake inaondoka na pikipiki ile. Mwalimu mkuu akaanza, "Mheshimiwa, huyu mtoto ni tatizo sugu, tulishasema achapwe," na mimi nikaona sasa hapa nikinyamaza tena nitawazamisha watu watatu.

Nikasema yote. Nikasema hii eee ni ya kwangu, niliipata kwa baba yangu, nikampa mjukuu, hakejeli mtu, ndivyo tunavyosikiliza kwetu, tukimpenda anayezungumza. Nikasema mwalimu hana kosa, anasimulia vizuri mno, ndiyo shida yenyewe. Nikasema na mimi nilitolewa hivi hivi nikiwa mtoto, niliambiwa mpaka nikuite, na mpaka leo sijaitwa.

Yule mgeni akanitazama sana. Akaniuliza, si kwa kunicheka, "Bibi, na somo la leo ulilielewa?"

"Nimelielewa, baba. Jua linapiga ziwa, maji yanapata joto, yanapanda huyaoni, yanakuta baridi, yanakuwa mawingu, mawingu yanapoa."

"Halafu?" akasema mgeni.

"Halafu sijui. Hapo ndipo nilipotolewa."

Akamgeukia Milembe. "Na wewe?"

"Na mimi hapo hapo," akasema Milembe. "Maji yetu bado yako juu."

Mwalimu Rehema akajifuta uso kwa mkono wenye chaki, akabaki na mstari mweupe shavuni kama ndama. Akamwangalia Milembe, akaniangalia mimi. Akasema, "Bibi. Milembe. Rudini ndani."

Sasa hapa mtasema mimi mtu wa ajabu. Neno lenyewe dogo, rudini ndani. Mimi nilishindwa kunyanyua mguu. Nililia pale mlangoni kama niko msibani, nikamwona yule mwalimu wangu mrefu na baiskeli yake, nikamwona yule mtoto niliyekuwa mimi, vidole vina mchanga, shingo ameielekeza mlangoni. Wote waliokuwa wananijua wakati ule wameshakwenda, baba, yule jike mwenye kengele, na shule yenyewe imebaki tuta la udongo wamelima mtama juu yake. Na mimi ndiyo naitwa leo. Mjukuu ndiye aliyenivuta kuingia.

Mara hii nilipewa kiti cha mwalimu (dawati walikataa wenyewe). Mgeni akakaa karibu yangu na kidaftari chake. Mwalimu akasimama ubaoni. "Matone yanakutana na matone, yanakuwa mazito," akasema, akavuta pumzi.

Kimya. Hakuna aliyethubutu. Kimya kizito kama msiba, mpaka mwalimu mwenyewe akaonekana kama mtu anayesimulia kaburini. Akatutazama. Nikaona amefikiri kitu. Akainua chaki juu, akasema, "Milembe?"

Milembe akanitazama mimi. Nikamkubalia kwa kichwa.

"Halafu?" akasema, taratibu.

"Halafu wingu linashindwa kubeba."

"Eee," ikasikika pembeni yangu, sauti nene. Nikageuka. Ni mgeni wa wilayani! Akakohoa, akajifanya anaandika. Nilipomuuliza baadaye kwao wapi akasema Sola, Maswa huko. Nikamwambia nilijua, umelelewa vizuri. Na mvua ikanyesha siku hiyo ubaoni, mistari mingi mingi, mpaka ziwani tena, na darasa zima limekaa kimya linasubiri chaki ipande ndipo liulize.

Wakakubaliana hivyo ofisini. Fimbo hapana, nje hapana. Mwalimu akiinua chaki, Milembe anauliza kwa niaba ya wote. Chaki ikiwa chini, mdomo umefungwa, na akisahau anabaki baada ya kipindi kufuta ubao na kueleza somo lote upya mbele ya mwalimu. Mgeni akaandika mambo mengi kwenye kidaftari, nikachungulia, nikaona ma moja na mi mbili, yaliyobaki Mungu anajua.

Msidhani amekuwa malaika. Wiki ya pili amefuta ubao mara tatu. Na Jumapili iliyopita alimwitikia mchungaji katikati ya mahubiri, "Halafu?" na mchungaji hana chaki, nikamfinya. Mwalimu Rehema alikuja hapa kunisalimia akala viazi, akasema darasa la sita nao wanataka chaki yao. Ila mimi nimeapa, na mama Kulwa wewe ni shahidi, dawati la shule sikai tena mpaka naingia kaburini, na nikiwa na neno la aibu la kusema nitalisema pale pale kwenye benchi, kabla kitenge hakijachanika.

Siku hizi tukikaa kwenye pamba ananifundisha. Mchanga huu hapa, kidole hiki hapa. Na ne ni no nu nimeshaipata. Nza bado, anasema hiyo ni ngumu, nisubiri. Juzi tukiwa hivyo, nimeinama naandika no yangu, nikamuuliza bila kumtazama, "Na ukitolewa tena nje, Milembe, mwalimu mwingine, shule nyingine huko mbele, utafanyaje?"

Akafuta no yangu, nilikuwa nimeikosea, akaniandikia nyingine nzuri. Akasema, "Bibi, nakuahidi. Sitaenda lamboni, na ng'ombe sitawafuata. Nitasimama hapo hapo mlangoni mpaka waniite. Na wakisahau kuniita, nitajiita mwenyewe."